Ekari Mbili za Dada

Baba yetu alifariki mwaka 1981 na kutuachia mashamba mawili huko Muheza, mkoani Tanga. Mama alikuwa ametangulia. Warithi tulikuwa watatu: kaka yangu mkubwa, dada yangu anayenifuata kwa juu, na mimi kitinda mimba, ambaye wakati huo nilikuwa kidato cha pili. Nasimulia habari ya mirathi ile kwa sababu hesabu yake niliiandika mimi kwa mkono wangu, nayo ilikuwa na kosa. Ilinichukua miaka thelathini kulijua kosa lile, na nilipolijua niligundua kwamba lina historia ndefu kuliko ukoo wetu na kuliko dola nyingi zilizopita duniani.

Shamba la kwanza lilikuwa mstatili mzuri, hatua 280 kwa hatua 140. Kwetu ekari moja ni hatua sabini kwa sabini za mtu mzima, yaani hatua za mraba 4,900. Basi shamba lile lilikuwa na ekari nane kamili, na hapo hapakuwa na ubishi. Shamba la pili lilipakana na la kwanza kwa upande mmoja, na pande zake nyingine mbili zilikuwa kijito na njia ya miguu. Kijito na njia vilikutana penye mwembe mkubwa. Shamba hilo, kwa hiyo, lilikuwa na pembe tatu.

Siku ya kupima aliitwa mzee mmoja aliyesifika kwa kazi hiyo katika vijiji vya jirani. Alikuja na kamba ya hatua kumi. Mimi nilishika daftari. Tuliacha chenga, tukahesabu kamba nzima nzima: upande wa njia kamba kumi na tatu, upande unaopakana na shamba kubwa kamba kumi na nne, upande wa kijito kamba kumi na tano. Kisha mzee akanifundisha kanuni yake. Shamba la pande nne, alisema, unachukua pande mbili zinazotazamana, unazijumlisha na kugawa kwa mbili, unafanya vivyo hivyo kwa zile nyingine mbili, halafu unazidisha. "Na hili la pande tatu?" nikauliza. Akajibu bila kusita: "Upande wa nne haupo, andika sifuri."

Nikaandika. 130 na 150 ni 280, nusu yake 140. 140 na sifuri ni 140, nusu yake 70. 140 mara 70 ni 9,800, nazo ni ekari mbili kamili, bila hata hatua moja kuzidi. Watu waliokuwa wamekaa chini ya mwembe walifurahi kuona hesabu imetua sawasawa. Nane na mbili ni kumi. Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu mtoto wa kiume hupata mafungu mawili na wa kike fungu moja, kwa hiyo mafungu yalikuwa matano, kila fungu ekari mbili. Kaka ekari nne, mimi ekari nne, dada ekari mbili. Mstatili ukakatwa katikati. Nusu ya mbali akachukua kaka, nusu ya karibu nikapewa mimi. Dada akapewa lile la pembe tatu. Hakuna aliyenung'unika. Shehe akasoma dua, tukala wali, na daftari langu likawekwa ndani ya sanduku la baba.

Msimu uliofuata dada alinunua mbegu za mahindi za ekari mbili, pishi saba kwa kipimo chake. Akapanda shamba lote mpaka mpakani. Pishi moja ikabaki. Mwaka wa pili ikawa hivyo hivyo. Alipotuambia, kaka alicheka na kusema kwamba mkono wake ni mzito, anabana mashimo. Mimi nilikuwa na daftari. Nilimwonyesha zile tarakimu nilizoziandika kwa wino wa bluu, nikamwambia, kwa kiburi cha mwanafunzi, kwamba hesabu haidanganyi. Dada hakusoma zaidi ya darasa la nne. Aliitazama ile karatasi, akaikunja vizuri, akanirudishia. "Haya mdogo wangu," alisema. "Lakini pishi yangu inabaki." Hakulisema tena jambo hilo kwa miaka mingi.

Naomba msomaji aone ajabu yake. Katika darasa la saba sisi wote tuliimba kwa sauti moja kwamba eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo. Katika kidato cha pili, mwaka ule ule wa mirathi, nilikuwa nimefundishwa kanuni ya Pythagoras kwa Kiingereza na kupata alama nzuri katika mtihani. Nilivijua vyote viwili. Lakini kimoja kilikuwa kimewekwa katika sanduku la Kiswahili, kingine katika sanduku la Kiingereza, na shamba la baba halikuwamo katika sanduku lolote. Shuleni pembetatu zilikuwa ubaoni. Chini ya mwembe palikuwa na mzee mwenye mvi na kamba, na adabu ilinituma kuandika alichosema.

Nilikuja kuwa mwalimu wa historia. Mwaka 2011 nilikuwa natayarisha somo juu ya Baghdad katika zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu mwaka 813 hadi 833. Katika maktaba moja ya Dar es Salaam nilipata nakala ya kitabu cha al-Khwarizmi juu ya aljebra, kilichotafsiriwa kwa Kiingereza na Frederic Rosen na kuchapwa London mwaka 1831. Mtu huyu ndiye ambaye jina la kitabu chake, al-jabr, limekuwa neno la dunia nzima. Nilitegemea kukuta mambo makavu ya darasani. Badala yake nilikuta kwamba katika dibaji mwandishi anaeleza kuwa ameandika kwa ajili ya mahitaji ya watu: mirathi, wasia, ugawaji wa mali, mashauri ya mahakamani, biashara, upimaji wa ardhi na uchimbaji wa mifereji. Sehemu kubwa ya kitabu ni mirathi na wasia tu: mtu amekufa, ameacha hawa na hawa, kila mmoja apate nini. Na kati ya aljebra na mirathi kuna sura fupi ya upimaji.

Katika sura hiyo niliikuta pembetatu ya pande 15, 14 na 13.

Nilikiweka kitabu mezani. Ilikuwa ni shamba la dada, kamba kwa kamba. Al-Khwarizmi anachukua 14 kuwa kitako. Kisha anasema, kwa maneno mengine, kwamba hatuwezi kujua eneo mpaka tujue kimo, na kimo hakijulikani mpaka tujue kinaangukia wapi juu ya kitako. Basi anakiita kile kipande cha kitako, kilicho upande wa 13, "kitu". Kipande kilichobaki ni 14 kutoa kitu. Sasa kimo kinagawa pembetatu kuwa pembetatu mbili zenye pembe mraba, na katika kila moja kanuni ya Pythagoras inafanya kazi. Upande wa kwanza, mraba wa kimo ni 169 kutoa mraba wa kitu. Upande wa pili, mraba wa kimo ni 225 kutoa mraba wa 14 kutoa kitu. Kimo ni kimoja, kwa hiyo hesabu hizi mbili ni sawa. Ukizisawazisha, miraba ya kitu inafutana, na unabakiwa na kitu mara 28 ni sawa na 140. Kitu ni 5. Mraba wa 13 ni 169, toa 25, inabaki 144. Kimo ni 12. Nusu ya kitako ni 7; 7 mara 12 ni 84.

Themanini na nne. Daftari langu lilikuwa limesema tisini na nane.

Nilichukua karatasi na kuvigeuza vipimo kuwa hatua. Kitako 140, kimo 120, eneo hatua za mraba 8,400. Shamba la dada halikuwa ekari mbili. Lilikuwa ekari moja na robo tatu, tena pungufu kidogo. Na 8,400 ni sehemu sita za saba za 9,800. Sita kati ya saba! Mtu anayenunua pishi saba za mbegu kwa shamba kama hilo atabakiwa na pishi moja. Dada alikuwa amepima shamba lake kwa mahindi, akapata jibu la al-Khwarizmi, na mimi nikamkatalia kwa sababu jibu lake halikuandikwa kwa wino.

Nilitaka kwanza kujua ile kanuni ya mzee ilitoka wapi. Aibu yangu ilipungua kidogo na mshangao ukaongezeka nilipoikuta ukutani mwa hekalu. Huko Edfu, kusini mwa Misri, kuna hekalu la Horus lenye maandishi yanayoorodhesha mashamba yaliyotolewa kwa hekalu. Orodha hiyo ni ya takriban miaka 100 kabla ya Kristo. Kila shamba lina vipimo vya pande nne, na eneo linapatikana kwa kujumlisha pande zinazotazamana, kugawa kwa mbili, kisha kuzidisha. Na shamba linapokuwa la pande tatu, waandishi wale waliweka neno lenye maana ya "hakuna" mahali pa upande wa nne. Upande wa nne haupo, andika sifuri! Mzee wetu alikuwa akisema maneno ya makarani wa Edfu miaka elfu mbili baadaye, na sidhani kwamba yeye aliyasoma popote. Njia rahisi haihitaji msafara wa kuibeba. Huzaliwa upya popote penye kamba na haraka.

Kosa la njia hiyo si la bahati, kwamba leo litaongeza na kesho litapunguza. Katika pembetatu linaongeza siku zote. Sababu yake kila mtu wa pwani anaijua bila kitabu. Mnazi ulioinama una urefu wake, lakini ncha yake haiko juu kiasi cha urefu huo. Upande wa pembetatu ni mnazi ulioinama; kimo ni kamba iliyoning'inizwa kutoka kileleni hadi chini. Kamba haiwezi kuushinda mnazi kwa urefu. Anayezidisha kwa upande badala ya kimo anahesabu ardhi iliyoko hewani.

Tazama tuinamishe minazi hiyo mpaka ilale kabisa. Chukua pande za hatua 130 na 150, na kitako cha hatua 280. Kwa kuwa 130 na 150 ni 280, pembetatu imelala chini ikawa mstari mtupu, haina udongo hata wa kupanda mchicha. Lakini kanuni ya mzee inasema: 140 mara 140, yaani 19,600, ekari nne kamili. Ekari nne za mstari! Mtu angeweza kuzirithi, kuzilipia kodi na kuzigombania mahakamani, na zisimpe punje moja.

Misri yenyewe ilikuwa na hesabu bora kuliko hiyo zamani zaidi. Mwaka 1858 Mskochi Alexander Henry Rhind alinunua huko Luxor karatasi ya mafunjo ambayo leo iko katika Makumbusho ya Uingereza. Iliandikwa na karani aitwaye Ahmose, takriban mwaka 1550 kabla ya Kristo, akinakili maandishi ya kale zaidi. Swali la 51 linahusu shamba la pembetatu lenye kipimo kimoja cha 10 na kitako cha 4. Karani anachukua nusu ya 4, anazidisha kwa 10, anapata 20. Hapo ndipo wataalamu walipobishana kwa miaka mingi: lile neno la Kimisri la kipimo cha 10, je, maana yake ni kimo au ni upande? Kama ni kimo, karani yuko sahihi kabisa. Kama ni upande wa pembetatu yenye pande mbili sawa, basi kimo ni kipeuo cha pili cha 96, karibu 9.8, na eneo ni karibu 19.6. Nilisoma ubishi huo nikatabasamu peke yangu. Ni ule ule wa kwetu, kimo au upande, isipokuwa wao waligombana juu ya mafunjo na sisi tulikuwa na mihogo.

Na Wamisri walikuwa na sababu ya kujali. Herodotus, katika kitabu chake cha pili, anasimulia kwamba mfalme aliwagawia watu ardhi na kuwatoza kodi, na mto ulipomega kipande cha shamba la mtu walitumwa wapimaji kutazama ni kiasi gani kimepotea, ili kodi ipunguzwe kwa kadiri hiyo. Anaona kwamba ndipo elimu ya jiometri ilipoanzia.

Kuhusu Pythagoras, hatuna budi kukumbuka kwamba kanuni yenye jina lake ni kongwe kuliko yeye. Yeye aliishi katika karne ya sita kabla ya Kristo. Katika Chuo Kikuu cha Yale kuna kibao cha udongo cha Babeli, kilichoandikwa zaidi ya miaka elfu moja kabla yake, chenye mraba na mishazari yake, na pembeni kipeuo cha pili cha mbili kimekokotolewa kwa usahihi wa kustaajabisha. Kibao kingine cha zama hizo, kilichopatikana Sippar mwaka 1894 na kuhifadhiwa Istanbul, ni ramani ya shamba. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 unaeleza kwamba mpimaji wake alitumia pande za vipimo maalumu kupata pembe mraba zilizo kamili. Hata kwetu fundi wa nyumba anapopiga msingi hutumia futi tatu, futi nne na futi tano ili pembe ikae sawa. Wengi wao hawajawahi kusikia jina la Pythagoras, na nyumba zao zimesimama.

Baada ya hapo nikawa kama mtu anayemtafuta ndugu aliyepotea: niliitafuta pembetatu ya 13, 14 na 15 kila mahali, na kila mahali niliikuta. Heron wa Alexandria, katika karne ya kwanza baada ya Kristo, anaitumia kuonyesha jinsi ya kupata kimo. Heron huyo huyo anatoa pia njia isiyohitaji kimo: jumlisha pande tatu na ugawe kwa mbili, unapata 21, toa kila upande kutoka 21, unapata 8, 7 na 6, zidisha 21 mara 8 mara 7 mara 6, ni 7,056, kipeuo chake cha pili ni 84. Kitabu chake, Metrica, kilipotea machoni pa wasomi mpaka nakala ilipopatikana Istanbul mwaka 1896.

Huko India, Brahmagupta, aliyeandika mwaka 628, anazitaja njia zote mbili kwa uaminifu: anasema ile ya nusu ya jumla ya pande inatoa eneo la kukisia tu, na ile ya kipeuo inatoa eneo halisi. Katika Lilavati ya Bhaskara, ya mwaka 1150, mwanafunzi anaulizwa kimo na eneo la pembetatu yenye kitako 14 na mbavu 13 na 15. Uchina, Liu Hui alieleza mwaka 263 jinsi ya kukata vipande vya shamba la pembetatu na kuvihamisha mpaka liwe mstatili, ili jicho lenyewe lishuhudie ile nusu. Na mwaka 1247 Qin Jiushao alitoa swali la shamba la mchanga lenye pande za li 13, 14 na 15. Hata Ulaya, mwishoni mwa karne ya kumi, msomi Adelbold alimwandikia Gerbert, ambaye mwaka 999 akawa Papa Sylvester wa Pili, akitaka kujua kwa nini pembetatu moja inapata maeneo mawili tofauti kwa kanuni mbili. Gerbert alimjibu kwamba kanuni moja inahesabu miraba midogo mizima hata pale inapochomoza nje ya mstari wa pembetatu.

Kwa nini pembetatu ile ile? Si muujiza. Walimu wa zamani walipenda mfano unaotoa namba nzima. Pembetatu ya 5, 12, 13 na ile ya 9, 12, 15 zina upande wa 12 kwa pamoja. Ukizibandika kwa upande huo unapata 13, 14, 15 na kimo 12, bila chenga. Na shamba letu liliingia humo kwa sababu sisi tuliacha chenga. Lakini nakiri kwamba usiku ule, kabla sijalifikiria hilo, nilihisi kama kwamba watu wa Alexandria, Baghdad na Uchina walikuwa wamepima shamba la dada yangu kwa zamu, wakanisubiri niamke.

Nikarudi kwenye daftari. Ardhi halisi ya baba ilikuwa 39,200 na 8,400, jumla 47,600. Fungu moja kati ya matano ni 9,520. Dada alikuwa na 8,400, alipungukiwa 1,120. Mafungu mawili ni 19,040. Kaka na mimi kila mmoja alikuwa na 19,600. Kila mmoja alikuwa amekalia hatua za mraba 560 zisizo zake. Kwa upande wa hatua 140, hizo ni hatua nne za upana. Hatua nne ni upana wa chumba. Lakini ukiziweka nne zangu na nne za kaka, ukazihesabu kwa miaka thelathini, misimu miwili kila mwaka, utaona si jambo la kuchekea.

Nilikwenda Muheza mwaka 2012. Nilianza kwa kaka. Hakupenda. Alisema miaka imepita, watu waliokuwapo wengi wamekufa, kila mmoja aliridhika, na mimi nimekuja na kitabu cha maktaba kufukua makaburi. Nilimwonyesha hesabu kwenye karatasi, akakataa kuitazama. Alinijibu kwa maneno ambayo nilistahili: "Wewe si ndiye uliyetwambia hesabu haidanganyi?"

Hapo nikaacha karatasi. Nilimwomba fundi mmoja wa nyumba, jirani yetu, aje na kamba yake. Tulihesabu hatua hamsini juu ya mpaka, kutoka pembe ya njia. Fundi akapiga tatu, nne, tano, akapata pembe mraba, akavuta kamba kuelekea ndani ya shamba. Tukapima kamba kumi na mbili. Mwisho wa kamba ya kumi na mbili ulifika kwenye mizizi ya mwembe. Kaka alisimama akitazama kamba, kisha akatazama njia, kisha kijito. Mnazi ulioinama na kamba iliyosimama vilikuwa mbele ya macho yake. Aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo hapa katikati ndipo tulipopaswa kupima?" Nikamjibu, "Ndiyo, kaka." Akaondoka bila kuaga.

Wiki tatu baadaye alinipigia simu. Alikuwa amehamisha mpaka wa mibono baina yake na mimi, hatua nne ndani ya ardhi yake. Mimi nikahamisha wangu hatua nane kuelekea kwangu. Mavuno ya miaka yote iliyopita hatukuweza kuyarudisha. Nilipomwambia dada kwamba hilo linanisumbua, alisema nisihesabu tena, kwa kuwa kila nikihesabu kuna mtu anapunjwa. Alicheka, lakini mimi sikucheka.

Msimu wa masika ulipofika alinunua pishi zake saba kama kawaida. Alipanda shamba la pembetatu na ukanda mpya mpaka mwisho. Jioni aliniita, akanionyesha mbegu zilizobaki mfukoni. Hazikufika kibaba kimoja.

"Na hizi je?" aliuliza.

Nilikokotoa kichwani. 9,520 badala ya 9,800. Ilikuwa sawa kabisa.

"Hizo," nikamwambia, "ni za ardhi ambayo baba hakuwa nayo. Hata sisi tumezikosa."

Akafunga ile mifuko, akasema sasa ameelewa, akazimwaga mbegu zile kwa kuku.